Ndalu Hadi Kanairo: Vile Utapeleka Familia Kuosha Macho Siku Mbili Bila Kurudi Ocha na Deni

Kila Disemba ni filamu ile ile. Ikifika tarehe 20 hivi, Nairobi inaanza kutapika watu. Kila msee ako na begi, katoni ya mkate na mtoi mmoja analia. Steji za magari ya Western zinakuwa vita, na fare inapanda hata maradufu. Makonda wanajua hauna otherwise, lazima ufike ocha kabla ya Krisi.

Sisi mwaka jana tulifanya kinyume. Tulitoka Ndalu tukielekea Nairobi wakati Nairobi yote ilikuwa inakuja kwetu. Tulikuwa wanne: mathe, Kukhu, mpwa wangu wa miaka tisa na mimi. Bajeti yetu ilikuwa gunia nne za mahindi. Mathe aliziuza mwenyewe, akafunga hizo doo kwa leso na kutoa tangazo moja: ikiisha imeisha, hakuna kukopa, hakuna Fuliza.

Tangu tuposti zile picha wasee hawaniachi. Wanauliza tuliwezaje. Wacha niwape rada yote.

Kwanza uelewe biashara ya magari. Gari ikileta watu Western Disemba inakuja imejaa hadi mlango. Shida ya dere ni kurudi. Hakuna mtu wa kupeleka Nairobi, na hawezi kaa Kitale akingoja Januari. So anakubali bei ya kawaida, wakati mwingine hata chini yake, na unachagua kiti ukitaka. Hiyo hesabu inageuka baada ya Krisi. Kuanzia 27 hivi hadi shule zifunguliwe, wale wote walioshuka wanataka kupanda, so ya kwenda Nairobi ndiyo inakuwa moto na ya kurudi Kitale inapoa. Ukienda tarehe 22 ukarudi 27, unasafiri na upepo pande zote mbili. Bonasi ni kwamba Nairobi yenyewe inabaki tupu. Jam yenye imewahi kukula masaa mawili Waiyaki Way, Krisi unaipita ukipiga miluzi.

Panda ya asubuhi. Najua wengi hupenda ya usiku ndio waamke wakiwa wamefika, lakini kama umebeba mtoi na mzee, njia yenyewe ni nusu ya safari. Kitale hadi Nairobi ni kama kilomita 380. Unapita Moi's Bridge, Matunda, Soy, Eldoret, halafu baridi ya Timboroa. Kati ya Timboroa na Mau Summit unavuka Ikweta, na mpwa wangu alishikilia pumzi hapo kama mtu anaingia majini. Sijui nani alimwambia afanye hivyo. Baadaye Nakuru, Naivasha, halafu ule mlima wa kupanda kutoka Bonde la Ufa ukiona chini kote. Beba mayai ya kuchemsha, chapati na maji. Pale magari husimamanga kwa lunch, sahani moja ya chipo itakumalizia mahindi ya debe zima.

Sasa ile sehemu ngumu. Mtalala wapi?

Brathe wangu mkubwa ako Nairobi miaka saba. Kila tukimwambia tunataka kuja kutembea anasema "ngojeni nipange, nitawaita." Hiyo kupanga haikuwa inaisha. Nyumbani watu walikuwa wanaamini ako na nyumba ya sebule, kwa sababu picha zake zote ni za sebule. Sebule ya nani, hatukuwahi uliza. Nilipompigia nikamwambia tiketi tayari tumekata, alinyamaza kwa simu hadi nikadhani kredo imeisha.

Ni keja ya chumba kimoja huko Pipeline, ghorofa ya tano, choo cha kushare. Kukhu alipanda hizo ngazi akipumzika kila ghorofa, na brathe nyuma yake kila saa anasema pole Kukhu, pole Kukhu, kama yeye ndiye alijenga. Tulipoingia hakuna mtu alisema kitu. Mathe aliangalia kitanda, akaangalia jiko la gesi, akaangalia ile pazia ya kugawa chumba. Halafu akavua sweta na kuanza kuosha sufuria. Kukhu alitoa kuku kwa begi, tayari amechinjwa na kuchomwa, akauliza, "Unga iko?" Hiyo ndiyo ilikuwa mazungumzo yote.

Kwa hivyo ushauri wangu kuhusu kulala ni huu. Kama una mtu wa damu Nairobi, mwambie mapema, na mwambie haujali keja iko aje. Usifike mkono mtupu: unga ya kisiagi, maharagwe, kuku, njugu, chochote cha shamba, kwa sababu mji unanunua hadi sukuma wiki. Na usimpostie nyumba yake. Yeye ndiye atasema lini.

Siku ya kwanza tulifanya tao, na ni ya karibu bure. Anzia KICC. Jengo lilifunguliwa 1973, liko na ghorofa 28 na urefu wa mita 105, na msanifu wake alikuwa Karl Henrik Nøstvik wa Norway akishirikiana na Mkenya David Mutiso. Pale juu kuna uwanja wa helikopta na ukipanda unaona mji wote, lakini uliza kwanza pale chini kama siku hiyo wanapandisha watu. Hapo nje kuna mapigapicha. Kubaliana bei kabla hajafungua kamera. Sisi tulipigwa picha tatu hatukuomba, na mathe alilipia moja tu, kwa Kibukusu, hadi jamaa akachoka.

Kutoka hapo tembea. Sanamu ya Dedan Kimathi iko kwa barabara ya jina lake, ya Tom Mboya iko Moi Avenue, karibu na pale alipigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Ukishuka na Moi Avenue hadi inapokutana na Haile Selassie unafika bustani ya Agosti 7, pale ubalozi wa Marekani ulilipuliwa 1998. Watu 213 walikufa hapa Nairobi, na majina yao yamechongwa kwa ukuta. Kukhu hajui kusoma sana lakini alisimama hapo akipitisha kidole kwa majina, akitafuta yale ya kwetu. Mpwa wangu alinyamaza pia, na huyo mtoi hanyamazangi.

Jioni tulimalizia na makumbusho ya reli, nyuma ya steji ya Railways. Nairobi ilianza hapo kwa reli 1899, ilikuwa kituo tu kwa kinamasi, na jina lenyewe linatoka kwa Kimaasai, maji baridi. Kama una mtoi wa kiume wa miaka tisa mpeleke akaone behewa namba 12. Mwaka wa 1900, hapo Kima, karao mmoja wa kikoloni anaitwa Charles Ryall alikuwa ndani akivizia simba mla watu. Akalala. Simba akaingia na kumtoa na dirisha. Hilo behewa bado liko. Mpwa aliniuliza mara nne kama simba alishikwa. Ndiyo, alishikwa.

Siku ya pili ndiyo ya hela, na hapa lazima uchague. Wengi hukimbilia Nairobi National Park. Ni poa, ilifunguliwa 1946, ya kwanza Kenya, kilomita mraba 117, na vifaru wako. Lakini ndani lazima uwe na gari, na kukodi gari ya watu wanne kutakumaliza. Kwa msee wa matatu, chukua Safari Walk au Animal Orphanage, ziko hapo tu kwa geti ya Lang'ata Road, unatembea kwa miguu na wanyama unawaona. Kulipa ni kupitia eCitizen, usibebe keshi ukidhani utapenya. Bei zimekuwa zikibadilishwa, so angalia kwa simu kabla hamjatoka. Na kila mtu mzima abebe kitambulisho, mtoi cheti cha kuzaliwa, ndio mlipe bei ya raia. Kukhu alikuwa ameacha chake kwa begi ingine Pipeline. Brathe alirudi kukichukua na bodaboda, hiyo ikakula jirongo mzima kwa bajeti. Usirudie kosa langu, mimi ndiye nilikuwa na kazi ya kuangalia.

Halafu Giraffe Centre. Hii ndiyo nataka watu wa Kitale na Bungoma waelewe, kwa sababu hiyo stori ni yetu na hakuna mtu alituambia.

Twiga wa hapo ni wale wanaitwa Rothschild. Utawajua kwa miguu, kuanzia goti kushuka hawana madoa, kama mtu amevaa soksi nyeupe. Miaka ya 70 mapema, Kenya walikuwa wamebaki karibu 130, na makao yao yalikuwa ranchi moja kubwa huko Soy. Ndiyo, Soy hii yetu, ile unapita ukienda Eldoret. Serikali ilikuwa inaigawa watu wapate mashamba, vile tu sehemu nyingi za kwetu ziligawanywa baada ya wazungu kutoka. Twiga na mahindi hawakai pamoja. Jock Leslie-Melville na bibi yake Betty, Mmarekani, wakachukua twiga mmoja mdogo 1974, wakampa jina Daisy, wakamleta nyumbani kwao Lang'ata na kumlea. Baadaye wakaunda shirika, wengine wa Soy wakapelekwa Lake Nakuru na mbuga zingine, na 1983 kituo kikafunguliwa watu waje kuona.

Kufika, chukua matatu namba 24, inapitia Lang'ata Road ikienda Karen. Mwambie konda akushushe Hardy, halafu ni kutembea kama kilomita mbili au kupanda boda. Ukilipa unapewa chakula kidogo kwa mkono na kupanda kale kajukwaa, twiga anakuja usawa wa uso wako. Ulimi wake ni sentimita 45 hivi na una mate kama gundi. Mpwa alipiga nduru ya furaha. Mathe alikataa kabisa, akasema yeye halambwi na mtu.

Nilikuwa nasoma hiyo stori ya Soy kwa bango nikimtafsiria Kukhu. Akanishika mkono. Akaniambia hiyo anajua. Alipokuwa msichana walikuwa wakienda Eldoret na lori la mahindi, na hapo Soy wangeona vichwa juu ya miti, vingi, vinatembea pole pole. Halafu mwaka mmoja hawakuwaona tena. Alidhani waliuawa. Miaka hamsini alikuwa anaamini hivyo. Alipewa chakula cha twiga na akalisha mmoja hadi kikaisha, akarudi kuomba kingine, na yule jamaa wa hapo akampa bila kuhesabu.

Krisi tulikula Pipeline. Majirani wengi walikuwa wameenda ocha, ghorofa yote ilikuwa kimya, brathe akatoa meza kwa korido na tukakula hapo nje. Doo ya leso ilibaki mia nane na kitu. Mathe alimwachia brathe mia tano chini ya sufuria bila kumwambia.

Tarehe 27 gari ya kurudi ilikuwa nusu tupu, kila mtu na viti viwili. Mimi nililala kutoka Eldoret. Kukhu aliniamsha na kiwiko tulipofika Soy, akanionyesha nje ya dirisha upande wa kushoto, mahindi tayari yamevunwa, ng'ombe wanakula mabua, boma za mabati hadi mwisho wa macho. "Hapa," akasema. "Walikuwa hapa hapa."