Ng'ombe Anakula, Bado Anakonda

Ng'ombe asiyekula tunajua ni mgonjwa. Anayetutatanisha ni yule anayekula kama wenzake na bado mbavu zinahesabika. Anahara, anapata nafuu, anahara tena. Homa hana.

Mfugaji wa Kikole, wilayani Kilwa, atataja nagana, wala hakosei kuanzia hapo, maana mbung'o ndio waliofanya ng'ombe wawe wachache katika pwani hii kwa miaka mingi. Bwana mifugo atapima damu, atatoa na dawa ya minyoo. Lakini damu ikiwa safi na dawa isisaidie kitu, inafaa kuuliza habari za ugonjwa wa Johne.

Bakteria wake ni ndugu wa wale wa kifua kikuu. Johne na Frothingham waliwaona katika utumbo wa ng'ombe huko Dresden, Ujerumani, mwaka 1895. Ukuta wa utumbo hunenepa na kujikunja hata chakula hakipenyi kuingia mwilini. Ndama huwameza angali mchanga, katika maziwa au kinyesi kilichoganda kwenye chuchu, na dalili hutokea baada ya miaka miwili, mitano, au zaidi. Muda wote huo ng'ombe anapendeza machoni, na huenda anawamwaga zizini.

Maabara nayo inapata taabu. Njia ya zamani ni kupaka kinyesi kwenye kioo, kukitia rangi ileile ya makohozi ya kifua kikuu, na kutafuta kwa darubini vijiti vyekundu vilivyorundikana. Ni rahisi, ila wagonjwa wengi hupita bila kuonekana. Kuotesha bakteria kunaaminika zaidi, lakini hawa ni wavivu ajabu: wengine huota usiku mmoja, wao hutaka wiki 8 hadi 16, tena juu ya chakula chenye kiini cha yai. Nani atasubiri hivyo na ada ya shule inadaiwa? Kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vyao, hutoa jibu kwa siku chache. Kipo pia cha elisa, cha damu au maziwa, kinachotafuta kingamwili. Nazo huchelewa kutokea. Kwa hiyo mtamba akipimwa akaambiwa hana, maana yake ni kwamba hajaonekana nao bado.

Watu wa Iceland walijifunza hayo kwa hasara. Mwaka 1933 waliagiza kondoo 20 wa Karakul kutoka Ujerumani. Waliwaweka karantini, wakawaona wazima, wakawagawa mashambani. Baada ya miaka michache kondoo wa nchi wakaanza kukonda na kufa. Nakumbusha hayo kwa sababu mifugo mingi iliyoondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007 ilielekezwa mkoa wa Lindi, na kununuliana ng'ombe kunaendelea. Sisemi ndugu zetu wafugaji walikuja na ugonjwa huu. Nasema kumtazama ng'ombe mnadani, hata kwa jicho la mzoefu, hakutoshi.

Kama unamshuku ng'ombe wako, mwombe bwana mifugo atoe kinyesi moja kwa moja mkunduni kwa glovu, pamoja na damu, aviweke kwenye barafu na kuvipeleka kituo cha Mtwara cha Wakala ya Maabara ya Veterinari. Aulize kwanza ni vipimo gani vinafanyika kwa wakati huo. Akichinjwa, ukataji wa sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na mitoki yake utaeleza mengi kuliko chupa kumi za damu.

Dawa ya kumponya haipo. Usimuuze kwa jirani ili akazalishe. Na ndama wake atengwe na wenzake, kwani huenda aliambukizwa akiwa bado tumboni. Wale wa ng'ombe wengine wazaliwe mahali pakavu, mbali na kinyesi cha wakubwa, na chuchu zioshwe kabla hawajanyonya.