Gari haliwaki asubuhi? Pima hivi kabla hujanunua betri

Gari limelala uani Cheyo, Manispaa ya Tabora. Asubuhi ukipiga stata unasikia "tek tek" tu na taa za dashibodi zinafifia. Wengi husukuma, likiwaka wanaenda moja kwa moja kununua betri. Wiki haiishi, na ile mpya nayo chali. Kumbe shida ni altaneta, kifaa kinachochaji betri injini ikiwa inafanya kazi.

Mita ya kawaida ya fundi umeme inatosha kukupa jibu. Pima betri asubuhi kabla hujawasha. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko kama nusu, chini ya 12 imeisha. Sasa washa, upime tena. Kwa magari mengi inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kuzidi kushuka ukiwasha taa, haichaji. Ikipita 15 inachaji kupita kiasi na itakausha maji ya betri.

Haichaji? Anza na vya bei rahisi: mkanda uliolegea, waya uliokatika, unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri. Hata kaboni za altaneta zikiisha, mara nyingi zinabadilishwa zenyewe bila kununua altaneta nzima.

Inachaji vizuri lakini kila asubuhi imekufa? Basi betri imechoka (joto la Septemba na Oktoba huzichosha haraka), au kuna kitu kinakula umeme usiku, kama redio, alamu au taa ya buti.

Wapo mafundi wanaochomoa waya wa betri injini ikiunguruma "kujaribu altaneta". Mkatalie. Kwenye gari za zamani za dainamo ilikuwa inapita, lakini kwa gari za sasa umeme unaweza kupanda ghafla na kuunguza kontroboksi, ambayo bei yake inazidi ya betri kwa mbali.

Taa nyekundu ya betri ikiwaka uko njiani, tuseme unaelekea Sikonge au Itigi, ujue unatembelea akiba ya betri tu. Zima AC na redio, na usizime injini mpaka ufike kwa fundi. Ila mshale wa joto nao ukipanda, simama hapo hapo: huenda mkanda umekatika, na kwenye magari mengi ndio huo huo unaozungusha pampu ya maji.