UNGA WA NGOZI: MALI AU SUMU?

Wahenga walinena, "Ngozi ivute i maji." Je, ile isiyovutika tena, yaani mabaki ya viwandani, tuifanyeje?

Mjomba wangu ni fundi wa viatu hapa Nakuru. Mwaka jana alituletea gunia la maranda ya ngozi, yale yanayobaki mashine inapokwangua ngozi ili iwe na unene ulio sawa. Ni ya rangi ya samawati, mepesi kama maranda ya seremala. Nyanya alifurahi ajabu, maana makaa ni ghali siku hizi. Tuliyawashia jiko wiki mbili nzima, na majivu tukamwaga kwenye sukuma wiki.

Nilipomsimulia mwalimu wetu wa Kemia, alishtuka. Alinieleza kwamba rangi ile yatokana na chumvi ya kromiamu, ambayo hutumiwa kudabaghi ngozi isioze. Ikiwa ndani ya ngozi haina makali sana. Lakini ikichomwa penye hewa, sehemu yake yaweza kugeuka kromiamu ya namna nyingine, inayoyeyuka majini na kuleta saratani. Kijasho chembamba kilinitoka. Jioni hiyo sikugusa mboga.

Kutupa ovyo nako si dawa. Ziwa Nakuru, lililoorodheshwa mwaka wa 1990 kuwa eneo la Ramsar, halina mto unaotoka. Taka ikisombwa na mvua hadi humo, itaenda wapi tena?

Basi njia mojawapo ni kuyasaga maranda yawe unga laini. Usidhani ni kazi ya kinu cha posho! Mahindi makavu huvunjika, bali ngozi ni nyuzi zilizosokotana. Ukizisaga hivi hivi hufumuka kama pamba. Zikiwa na unyevu, joto la kinu huzifanya zinate kama gundi.

Kwa hivyo, kwanza maranda hukaushwa sana. Pili, hukatwakatwa. Tatu, husagwa huku yakipozwa. Wengine hutumia naitrojeni iliyogeuzwa kioevu, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri, ngozi ikawa ngumu na kuvunjika kama biskuti. Mwisho, unga huchekechwa. Chembe zapaswa kuwa nyembamba kuliko unywele, la sivyo zitaonekana kama vipele.

Unga huo huchanganywa na rangi au plastiki ya majimaji, kisha hupakwa juu ya kitu au hutandazwa ukawa utando mwembamba. Plastiki tupu huteleza na kung'aa. Yenye unga wa ngozi haing'ai sana, hushikika kama ngozi, na hunyonya jasho kidogo.

Lakini tusijidanganye: kusaga hakuondoi kromiamu. Msagaji lazima ajikinge na vumbi, na bidhaa hiyo isichomwe. Afadhali zaidi ni ngozi iliyodabaghiwa kwa magome ya muwati, mti unaomea vizuri katika nyanda zetu za juu.

Wanafunzi wenzangu, tusidharau somo la Kemia. Ukiona maranda ya samawati, usiyachome. Gunia letu lingali pembeni mwa stoo, limefungwa kwa kamba. Kila jioni nyanya huniuliza, "Mjukuu wangu, hicho kinu chako kitakuja lini?" Nami bado sina jibu.