Filamu Yaweza Kungoja, Negativu Haziwezi

Kodak ilipoomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake, Januari 2012, wapo waliodhani kwamba filamu imekufa. Haikufa, yatengenezwa hadi leo, ingawa kwa bei ghali. Linalostahili kuwatia hofu wapiga picha wa Mombasa ni jingine. Katika karne iliyopita, N. V. Parekh aliwapiga picha maharusi na jamaa wa pwani katika studio yake kisiwani. Negativu za zama hizo, zikiachwa katika joto na unyevu wa bahari, huota kuvu na sura zikafutika. Walimu, watumeni wanafunzi Mji wa Kale, kwa idhini ya wenyewe, wakaandike majina ya waliomo kabla wanaowajua hawajaondoka. Filamu mpya hununuliwa. Sura iliyoliwa na kuvu hairudi.