Mataa ya Mjomba

Kama umewahi kusafiri usiku kati ya Lodwar na Kakuma, jambo ninalotaka kulieleza unalijua tayari, ila pengine hujawahi kulitafutia sababu. Unaona nuru mbele yako, mbali sana, kwa maana nchi yetu ni tambarare na barabara imenyooka kama rula. Nuru ile inakaribia. Inakuwa mbili, halafu nne, halafu sita. Mara huoni lami, huoni mchanga, huoni kitu. Dereva anaguna, anapunguza mwendo, na kila abiria anamwomba Mungu kwa lugha yake.

Hayo ndiyo mataa. Nasema mataa wala si taa, kwa sababu taa ni zile ambazo gari lilikuja nazo kutoka kiwandani. Mataa ni yale tuliyoyaongeza wenyewe. Mwalimu wa Kiswahili atanisamehe.

Mimi nayajua mataa kwa pande zote mbili, yaani nyuma yake na mbele yake. Mjomba wangu ana pikapu inayobeba samaki wakavu kutoka Kalokol, kule ziwani, hadi sokoni Kakuma. Katika likizo ya Agosti 2023 alinunua spotilaiti nne za wati 100 kila moja, akaniita. "Mjomba, wewe unasoma Fizikia. Njoo tufunge."

Msimlaumu upesi. Kati ya Lodwar na Kakuma kuna kilomita kama 120, na gizani humo mna mambo. Mbuzi hupenda kulala juu ya lami kwa kuwa inabaki na joto la mchana. Ngamia ndiye mbaya zaidi. Rangi yake ni ya mchanga, na mwili wake uko juu, mahali ambapo taa za kawaida hazifiki vizuri. Bampa ikimkata miguu, mwili wote unakuja kwenye kioo na kwa dereva. Tena kuna laga. Mvua inyeshe milimani, hapa kwetu anga iwe safi kabisa, na bado unaweza kukuta maji yanapita mahali palipokuwa pakavu asubuhi. Na kwa miaka mingi wasafiri wa barabara hii, hasa upande wa kusini kuelekea Kainuk, wameogopa majambazi, kwa hiyo kila dereva anataka kuona gogo barabarani kabla ya gogo kumwona yeye. Mtu anayesema mataa ni maringo tu hajaendesha gari huku.

Basi tulifunga. Tulifunga vibaya.

Tulivuta waya mmoja mwembamba kutoka kwenye betri, tukaupitisha kwenye swichi ndogo ya dashibodi, tukaupeleka kwenye spoti zote nne. Zikawaka, tukapiga makofi. Baada ya dakika kama kumi hivi mjomba akauliza, "Nani anachoma plastiki?" Ilikuwa swichi yetu.

Hesabu yake ni rahisi, na niliona haya kwamba sikuifanya mapema. Wati gawanya kwa volti unapata ampea. Spoti nne za wati 100 ni wati 400. Betri ya pikapu ni volti 12. Mia nne gawanya kwa 12 ni ampea 33 na kitu. Swichi ile ndogo na waya ule mwembamba havikuumbwa kubeba mzigo huo, sawa na kumtwika punda mmoja maji ya kijiji kizima. Waya ukizidiwa unapata moto, plastiki inayeyuka, na kama kuna mafuta karibu, gari linateketea mbele ya macho yako.

Dawa yake ni kidude kinachoitwa rilei. Fundi mmoja wa pale Lodwar alinieleza kwa maneno machache: "Rilei ni askari wa geti. Unamnong'oneza, yeye anafungua geti kubwa." Ndani yake kuna koili ya sumaku. Mkondo mdogo kutoka kwenye swichi unaiamsha sumaku, nayo inavuta chuma kinachounganisha njia ya mkondo mkubwa. Kwa hiyo swichi haibebi ampea 33, inabeba mnong'ono tu.

Ukiigeuza rilei utaona namba nne chini yake. Namba 30 inapokea waya mnene kutoka kwenye betri, na waya huo lazima upitie fyuzi, tena fyuzi ikae karibu na betri. (Mafundi wengine huifunga mwisho kabisa, karibu na taa. Hiyo hailindi chochote, maana waya wote ulioko kabla yake uko uchi.) Namba 87 inapeleka moto kwenye spoti. Namba 85 inaenda kwenye ethi, yaani chuma cha gari kilichokwanguliwa rangi vizuri. Namba 86 ndiyo inayopokea ule mnong'ono. Ikumbuke namba 86, nitairudia.

Tukafunga upya kwa rilei mbili, kila moja na spoti zake mbili na fyuzi yake. Hakuna kilichoungua. Mjomba akawa mfalme wa barabara, na mimi nikatembea mjini kifua mbele.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nyuma ya bodaboda, tukitoka kumsalimia shangazi karibu na Kakuma. Ilikuwa kama saa mbili usiku. Gari lilikuja na mataa juu ya keria. Yule mwendeshaji akawasha na kuzima taa yake mara tatu akiomba lile gari liinamishe. Wapi! Lilipotupita hatukuwa tukiona ukingo wa lami. Tukatoka barabarani, tukaingia mchangani, na pikipiki ikatulalia. Mwenzangu alivunjika mfupa wa bega. Mimi nilibaki na kovu la goti ambalo baadhi yenu mmeniuliza mkidhani ni la kandanda. Gari halikusimama, na sidhani dereva alijua. Nililala pale nikitafuta maneno ya kumtukana, nikayakosa, kwa sababu mataa kama yale nilikuwa nimeyafunga kwa mikono yangu mwenyewe.

Wanabiolojia wa shule watanisahihisha nikikosea. Mboni ya jicho hujifunga upesi inapokutana na nuru kali, lakini kufunguka tena gizani huchukua muda mrefu zaidi. Isitoshe, ile kemikali ya retina inayotuwezesha kuona usiku huharibiwa na nuru kali, na kurudi kwake kikamilifu huchukua kama nusu saa. Tuseme dereva amepofuka kwa sekunde tano tu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda mita 22 kila sekunde. Zidisha kwa tano: mita 110, zaidi ya urefu wa uwanja wetu wa mpira, na dereva amefumba macho. Zamani mashimo yalitulazimisha kwenda polepole. Sasa lami ni nzuri, mwendo umepanda, na sekunde tano zimekuwa ndefu.

Je, sheria inasemaje? Wengi hudhani inakataza spoti. Wengine hudhani haina habari nazo. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya, katika kifungu cha 55, inataka gari na sehemu zake zote, taa zikiwemo, zitimize matakwa ya sheria, na zitunzwe katika hali ambayo haitahatarisha watumiaji wengine wa barabara. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye gari si "una taa ngapi?" tu. Ni "taa zako zinamfanya nini anayekuja mbele?" Askari akikusimamisha kwa mataa yanayopofusha, usimwambie kwamba uliyanunua dukani kihalali. Duka halikuyawasha barabarani, uliyawasha wewe. Nyekundu ni ya nyuma, na ile buluu inayometameta tuwaachie polisi, ambulensi na zimamoto, hata kama vijana wa boda wanaiona ni urembo.

Sasa turudi kwa namba 86. Sisi tulikuwa tumeiunga na swichi yake peke yake. Maana yake, mjomba akiinamisha taa kuu kwa kumheshimu anayekuja, spoti zinabaki zikiwaka mpaka azitafute kwa mkono mwingine. Nani atakumbuka, mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine kwenye gia? Njia sahihi ni waya wa 86 kutoka kwenye swichi ya dashibodi, na swichi hiyo yenyewe ipate moto kutoka kwenye waya wa fuli wa taa kuu. Ukiweka fuli, spoti zinawaka. Ukiweka dimu, zinazimika zenyewe papo hapo, bila kukumbushwa. Uingereza, kanuni za taa za magari za 1989 zinataka taa zote za fuli ziweze kuinamishwa au kuzimwa kwa kidude kimoja. Wazo ni lilo hilo. Kazi yenyewe inataka waya wa mita moja hivi na nusu saa ya kujikunja chini ya dashibodi.

Mjomba alikataa. "Zimefanya kazi, kwa nini uzifungue?" Nikamwomba kitu kimoja tu: asimame barabarani nje ya boma, hatua sitini mbele ya gari lake mwenyewe. Nikawasha. Alinyanyua mikono usoni. "Zima! Zima, nimesema!" Nikazima. Akabaki amesimama pale pale gizani kwa muda, hawezi hata kupiga hatua, akauliza, "Gari liko upande gani?" Kesho yake alinipa bisibisi.

Tulipokuwa tukirekebisha tulipima pia taa kuu, na hapa ndipo madereva wengi wenye taa halali kabisa huwapofusha wenzao bila kujua. Simamisha gari mahali sawasawa, mita 10 kutoka ukutani. Pima kimo cha taa kutoka chini, ukiandike ukutani kwa chaki. Ukiweka dimu, ukingo wa juu wa nuru uwe chini ya alama hiyo kwa sentimita 10 hivi. Lakini pima gari likiwa na mzigo! Tulipima pikapu ikiwa tupu, ikawa safi. Tukapakia magunia ya samaki, nyuma ikazama, pua ikainuka, na nuru ikapanda juu ya alama. Gari letu halijawahi kwenda Kakuma tupu.

Kuna wanaotoa balbu ya halojeni na kuchomeka ya LED katika taa ile ile. Kioo cha ndani ya taa kilichongwa kwa ajili ya uzi wa balbu uliokaa mahali maalumu. Ukibadilisha chanzo, nuru inatawanyika hovyo, na dereva anaisifu kwa kuwa ni nyeupe. Wengine husema manjano hupenya vumbi. Wafaransa nao walilazimisha taa za manjano kwa magari yao tangu miaka ya 1930 hadi 1993, lakini chembe za vumbi letu ni kubwa mno kujali rangi. Penye vumbi weka dimu, au taa ya chini yenye nuru pana iliyofungwa karibu na bampa. Fuli itakurudishia ukuta mweupe usoni.

Na lile lori linalokupofusha ingawa dereva wake ameweka dimu? Huenda limetoka ng'ambo ya Nadapal. Sudan ilihamia upande wa kulia wa barabara mwaka 1973, na Sudan Kusini, iliyojitawala mwaka 2011, inaendesha huko huko kulia. Dimu za magari ya huko huinua nuru kidogo upande wa kulia ili kumulika ukingo wa barabara yao. Likishavuka mpaka na kuendeshwa kushoto kama sisi, kulia huko ndiko uliko wewe. Kipande cha utepe mweusi kikibandikwa mahali panapofaa kwenye kioo cha taa hupunguza tatizo. Madereva wa Ulaya wanaovuka kwenda Uingereza hufanya vivyo hivyo.

Pikapu ya mjomba sasa ina spoti mbili, zimefungwa mbele chini ya boneti wala si juu ya keria, na zinakufa akiweka dimu. Anasema ngamia anawaona bado. Zile mbili nyingine ziko chini ya kitanda changu nyumbani. Moja kioo chake kimepasuka. Nyingine inawaka vizuri, na mwenye boma linalosumbuliwa na fisi anaweza kuja kuichukua, ila betri aje nayo.