Fahamu: Jaji Ramadhani na kesi ya mgombea binafsi

Augustino Ramadhani, aliyefariki Aprili 2020, alikuwa mwanasheria, mwanajeshi wa JWTZ na kasisi wa Kanisa Anglikana. Aliwahi kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010. Ni wachache mno waliokalia viti hivyo vyote viwili.

Kesi inayomtambulisha zaidi ni ya Mchungaji Christopher Mtikila, aliyetaka Mtanzania aruhusiwe kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 2006. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani, likiongozwa na Ramadhani, likatengua ushindi huo: suala hilo ni la kisiasa, likaamuliwe na Bunge.

Mtikila hakukata tamaa. Alikwenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ambako Juni 2013 ilitamkwa kwamba Tanzania imekiuka haki zake. Wakati huo Ramadhani alikuwa jaji wa mahakama hiyohiyo, lakini hakuketi kwenye kesi: itifaki inamzuia jaji kusikiliza shauri linaloihusu nchi yake. Kanuni hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayompa mlalamikaji imani.

Mwaka 2014 majaji wenzake walimchagua kuwa Rais wa mahakama hiyo. Mgombea binafsi hadi leo hana nafasi katika Katiba ya Tanzania.