Cheti Kisichomkana Mwenyewe

Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliliamuru Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) limpe Audrey Mbugua cheti kipya cha kidato cha nne, chenye jina analolitumia na kisicho na alama ya jinsia. Mbugua alikuwa amefanya mtihani huo mwaka 2001 akiwa ameandikishwa kama mvulana, kisha akasoma hadi Chuo Kikuu cha Maseno. Alipoanza kuishi kama mwanamke, cheti alichokitolea jasho kikawa shahidi dhidi yake, kwa maana kumkabidhi mwajiri karatasi ile kulikuwa sawa na kumweleza mgeni siri za mwili wake kabla hata hajaulizwa anajua kazi gani. Wengi wetu tunapowataja watu kama yeye, ambao jinsia wanayoishi nayo siyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa, husifu ujasiri wao. Sifa hiyo wanaistahili. Lakini tujiulize kwa nini mtu ahitaji ujasiri wa kwenda mahakamani ili aombe kazi kwa alama alizozipata mwenyewe. Ujasiri huo ni ushuru tunaowatoza sisi, nao hautapungua kwa kupigiwa makofi.

Hukumu ile ina uzito kwa sababu haikudai mengi. Mahakama iliona kwamba kanuni za mtihani zenyewe hazikulazimisha alama ya jinsia iandikwe kwenye cheti, na kwamba Ibara ya 28 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake. Hakuna aliyepunguziwa chochote. Alama za Mbugua hazikuongezwa, wala za mwenzake hazikushuka. Mwaka huohuo Jaji George Odunga alikuwa ameshaagiza shirika la Transgender Education and Advocacy, linalotetea watu kama Mbugua, lisajiliwe, baada ya bodi ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali kulinyima usajili. Mambo haya mawili, cheti na usajili, ni ya kawaida mno kwa Mkenya mwingine yeyote. Kwa hawa yalihitaji mawakili, miaka ya kusubiri, na uso wa mtu kuanikwa magazetini.

Wanaopinga husema jambo hili limeletwa na Wazungu. Historia inasema vingine. Mwaka 1923, J. H. Driberg, ofisa wa kikoloni nchini Uganda, alichapisha kitabu kuhusu Walango ambamo alieleza watu waliozaliwa wanaume wakaishi kama wanawake, wakachukua majina ya kike na hata kuolewa. Kule India, waliokuja na sheria ya kuwaandikisha hijra, jamii ya watu waliozaliwa wanaume wakaishi kama wanawake, kama wahalifu na kuwakamata wakivaa mavazi ya kike hadharani walikuwa Waingereza, mwaka 1871. Kwa hiyo anayetafuta kilicholetwa na mkoloni aanze na rungu la sheria, kwani wenyewe hijra walikuwapo kabla yake.

Pingamizi la dini ni zito zaidi, na silichukulii kwa wepesi, maana watu wetu ni waumini wa kweli. Hata hivyo wanazuoni hawajawa na kauli moja. Katika miaka ya 1980 kiongozi wa Iran, Ayatollah Khomeini, ambaye hakuna atakayemwita kibaraka wa Magharibi, alitoa fatwa ya kumruhusu Maryam Khatoon Molkara, raia wa nchi hiyo, abadili jinsia, na Iran ikatambua matibabu hayo kisheria. Siisifu Iran: mlango wake ni mwembamba, na ukatili wake kwa wengine unajulikana. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kushikilia dini kwa nguvu zote na bado akaona mbele yake binadamu mwenye shida inayohitaji jibu. Na anayesema ni wazimu ajue kwamba Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii kwenye kundi la maradhi ya akili, katika mwongozo wake wa magonjwa ulioidhinishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022.

Limebaki lile la udanganyifu: tukiruhusu watu wabadili majina na alama za jinsia, wahalifu si watajificha humo? Wanawake wangapi hubadili majina wakiolewa, na benki haziporomoki? Mtu hutambuliwa kwa namba ya kitambulisho, alama za vidole na namba ya mtihani, na mabadiliko ya jina huwekewa kumbukumbu rasmi. Kinachozaa shaka ni karatasi isiyofanana na aliyeishika. Hiyo ndiyo inayomfanya mtu asimamishwe kwenye kizuizi cha polisi na kutuhumiwa kwamba anajifanya mtu mwingine, ilhali kosa liko kwenye karatasi.

Bunge liandike sheria iliyo wazi, ili ofisi za vitambulisho, vyeti na pasipoti zifanye kwa fomu kile ambacho Mbugua alikipata kwa kesi. Nawe unayeajiri, unayepangisha nyumba au unayempokea mgonjwa dirishani, huna haja ya kusubiri Bunge: muulize jina lake, mwite hilo, umhudumie.